Mwalimu Aliyekataa Kujibu

Simpendi yule mwanamke. Nasema mapema, ili mtu asisome mpaka mwisho akingoja nimsifu. Kuna watu wakieleza habari za mwalimu wanaanza na machozi. Mimi machozi yangu yaliishia kwenye moshi wa jiko. Alizaliwa wapi, babake nani, alisomea wapi, hayo muulize mwingine. Mimi najua kwamba alikuwa Mkamba, alikuwa amestaafu kufundisha sayansi shule ya msingi, na kwa miaka tisa alikaa mlango wa pili kutoka kwangu, ploti moja ya vyumba vya kupanga pale Kianda, Kibera, akinitazama kama kitu kilichosahauliwa ndani ya sufuria.

Sote tulimwita Mwalimu. Mimi aliniita Mama Omena, kwa sababu nauza omena, dagaa wa ziwani, pale Kisumu Ndogo, na alivyolitamka hilo jina ungedhani ni ugonjwa.

Alikuwa mwembamba, sweta ya kijani imefungwa vifungo vyote hata jua likiwa la kupasua mabati, penseli imechomekwa kwenye nywele. Asubuhi, kabla vijana wa taka hawajapita, ungemkuta ameinama kwenye magunia yetu, anachambua. Mtu aliyestaafu na barua ya serikali, mkono uko ndani ya taka za watu mpaka kwenye kiwiko.

"Mama Omena, hii chupa unatupa?"

"Si unaona iko kwa taka?"

"Unajua inaweza kufanya nini?"

"Inaweza kukaa kwa taka."

Aliichukua. Alichukua vifuniko, mirija, nyaya, miwani iliyovunjika, spika ya redio iliyokufa. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja kama vyetu, lakini kulala alilala pembeni kama mgeni, kwa sababu katikati palikaa chupa.

Jambo la kwanza lililonichosha kwake ni kwamba hakujibu. Sijui kama mmewahi kuishi na mtu wa namna hiyo. Umwulize kama mvua itanyesha, kwa sababu una omena juani, anakwambia, "Wewe unaonaje?" Umwulize ni saa ngapi, anakwambia, "Kivuli cha mlango wako kimefika wapi?" Na saa amevaa mkononi! Siku moja mama wa chumba cha mwisho alimwuliza kama ameona mtoto wake, naye akaanza, "Mara ya mwisho alikuwa ameelekea..." Yule mama akamwambia, Mwalimu, wallahi leo utanijibu. Akamjibu. Ndiyo mara pekee nilimwona akitii.

Watoto lakini walimpenda, na hilo liliniuma. Jumamosi walijaa mlangoni pake bila kuitwa, wengine wakitoka Soweto West. Hakuwa na ubao wala kiboko. Aliweka kipande cha barafu kwenye sahani, na kingine kwenye sahani amekifunika na kitambaa cha sufu, halafu anauliza, "Kipi kitaisha kwanza?" Kisha ananyamaza. Ananyamaza mpaka inzi anamtua kwenye paji la uso na hamfukuzi. Mtoto akisema ujinga, hacheki. "Sawa. Tungoje tuone." Lakini mtu mzima akipita akasema kile kilichofunikwa kitaisha haraka, kwa sababu sweta ni joto, basi huyo anakatwa hapo hapo: "Mtu mzima anasema jambo ambalo hajalijaribu, mbele ya watoto?" Aliyekatwa siku hiyo ni mimi. Na kilichofunikwa kilichelewa kuisha, ndiyo, nilikiona kwa macho yangu, lakini kulikuwa na haja gani ya kunikata?

Sasa Akinyi. Akinyi ni mtoto wa binti yangu anayefanya kazi za nyumba Eldoret, nimemlea mimi tangu aache kunyonya. Alianza kukaa mlangoni kwa Mwalimu akiwa na miaka mitano, na huko ndiko alikopata ugonjwa wa kuuliza. Mimi ananiita dani, nyanya kwa Kijaluo. Dani, mbona omena akikauka anakuwa mwepesi? Dani, maji yake yanaenda wapi? Dani, chumvi ikiingia kwa maji inajificha wapi? Mimi shule niliachia darasa la tatu. Niliachishwa na mwalimu mmoja niliyemwuliza kwa nini ziwa halijai na mito yote inamwaga humo. Alinipiga kofi, darasa likacheka, na kesho yake nikaenda kuchota maji badala ya kwenda shule, na nyumbani hakuna aliyeuliza. Kwa hiyo niliapa mtoto wangu akiniuliza, sitampiga. Nitamjibu.

Nami nilimjibu. Sikosi jibu mimi. Ngurumo ni Mungu anasukuma mapipa. Mwezi unapungua kwa sababu kuna watu wanaumega. Nyota zinazodondoka ni vipande hivyo vinavyowaponyoka. Akinyi alicheka, nami nikacheka, tulikuwa vizuri.

Yule mwanamke akanifuata kwenye bomba, watu wamepanga mitungi.

"Ati ngurumo ni mapipa?"

"Mtoto aliuliza nikamjibu."

"Hukumjibu. Ulimfunga mdomo."

"Mtoto ni wangu, Mwalimu."

"Mdomo ni wake."

Akina mama wakaguna, wengine upande wangu, wengine upande wake. "Kama hujui, mwambie hujui, halafu mkaangalie pamoja," akaendelea, kama anayemfundisha mtu kufunga kamba za viatu. Mimi nimwambie mtoto sijui? Mimi ninayemlisha? Mtoto akishajua dani hajui hili, kesho atajuaje kwamba dani anajua lile la kumwambia usipite kule? Nilimwambia aende aweke maneno yake kwenye chupa. Watu walicheka. Hilo ndilo lilikuwa bao langu la pekee kwa miaka tisa, niacheni nilifurahie.

Na msifikiri alikuwa mtu wa kunyooka. Alihubiri kwamba mtoto aachwe ashike vitu, avunje, ajue ndani kuna nini. Lakini redio yake! Redio ndogo nyeusi, imefunikwa na kitambaa cha kufuma, ole wake mtoto aiguse. Alisema usiamini jambo bila kulijaribu, halafu akanunua mizizi kwa mchuuzi mmoja mwenye kipaza sauti, dawa ya kila kitu, akainywa wiki mbili, akaharisha wiki mbili. Nilipomwuliza kama ameijaribu kwanza, aliingia ndani akafunga mlango. Nilikaa nje nikiimba.

Lazima niseme na hili, maana mtasikia kwa wengine. Mwaka nilioshikwa na homa nikalala siku nne, aliniletea uji asubuhi, mchana na jioni. Alimwogesha Akinyi. Kila akiinua kikombe alinisema: dirisha hulifungui, unapumua pumzi ile ile, hata omena wako unawapa hewa. Nilipona ili nimnyamazishe. Kama huo ni wema, basi ni wema uliopikwa na mchanga.

Tuje kwenye omena. Sijasahau na sitasahau.

Mimi naanika omena wangu juu ya neti, pale mbele ya ploti, kabla ya kupeleka Kisumu Ndogo. Wateja wengine wananunua hapo hapo. Siku moja naona mama mmoja, mteja wangu wa miaka, amesimama akiangalia dirisha la Mwalimu, halafu ananiangalia, halafu anaondoka na bakuli tupu. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu akasema, "Mama, kumbe hiyo ndiyo omena yako?"

Nikaenda. Dirishani kulikuwa na chupa tatu. Moja ina omena wenye chumvi, wazi. Moja ina omena wasio na chumvi, imefungwa kwa kitambaa. Na ya tatu ina omena wasio na chumvi, iko wazi, na ndani kumejaa funza wanacheza kama watu wa harusi. Chini kumebandikwa karatasi, mwandiko wa Akinyi mwenyewe, herufi kubwa: OMENA WA DANI.

"Mwalimu! Unaniharibia biashara?"

"Watoto wanatafuta funza wanatoka wapi. Wewe unaonaje?"

"Wanatoka kwa roho yako!"

"Mwulize Akinyi."

Na Akinyi, akiwa na miaka sita, kichwa kimeinuka, akaniambia mbele ya wateja: "Dani, ni inzi. Inzi anaweka mayai. Hapa kwa kitambaa hakuweza kuingia. Si kosa ya omena yako." Alikuwa ananitetea, jamani. Alidhani ananitetea. Mauzo yalirudi baada ya wiki, na tangu siku hiyo nafunika omena kwa chandarua, na wateja wanapenda hivyo. Lakini yule mwanamke hakuniomba msamaha, na alichukua omena wangu bila kuniambia. Aliyemchukulia ni Akinyi, mkono wake mdogo ulio kwenye neti yangu kila siku, lakini hilo mimi naliita wizi wa Mwalimu.

Sasa nasema lililo kubwa.

Shule za siku hizi, mtoto anarudi na kazi ya mzazi. Tengenezeni hiki, leteni kile. Akinyi akiwa gredi ya pili waliambiwa watengeneze nyumbani, na mzazi, kipima mvua: chombo cha kuwekwa nje, mvua ikinyesha unaona imefika namba ngapi. Akinyi alitaka tutengeneze. Alikuwa tayari ameshaleta chupa na makasi. Mimi nikaogopa. Nikaona watoto wa wazazi wenye kazi wakija na vitu vinavyong'aa, na wangu na chupa iliyokatwa na mtu wa darasa la tatu. Kawangware kuna fundi anauza miradi ya shule imeshakamilika, unakwenda unachagua kama viatu. Nikaenda nikanunua. Kizuri, kimepakwa rangi ya bluu, kina utepe. Nikamwambia Akinyi, "Wakikuuliza, sema umefanya na dani."

Aliniangalia. "Lakini hatukufanya, dani."

"Sema hivyo."

Siku ya wazazi ilipofika tukakuta miradi imepangwa juu ya madawati, na aliyealikwa kuikagua ni nani? Sweta ya kijani. Na hapo dawatini nikaona vipima saba vya bluu, utepe ule ule, ndugu wa tumbo moja. Wazazi saba tulikuwa tumekwenda kwa fundi mmoja, na sasa kila mmoja anaangalia dari. Tena yule fundi, Mungu amsamehe, alikuwa amechora namba kuanzia juu. Sifuri iko mdomoni, kumi iko chini kabisa. Mvua ikijaza chombo, chombo kinasema haikunyesha. Kikiwa kikavu kinasema kumi. Sisi watu wazima saba tulikibeba kutoka Kawangware mpaka Kibera na hakuna aliyeona.

Mwalimu alipita polepole. Alivipita vile sita. Akasimama mbele ya chetu.

"Akinyi, hiki umetengeneza na nani?"

"Na dani."

"Vizuri. Leo hakuna mvua, ndani ni pakavu. Kinasema ngapi?"

Akinyi akainama akaangalia. "Kumi."

"Kumi, na ni pakavu. Ni nani alianza kuhesabu kutoka juu?"

Mtoto aliniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Akinyi akasema, sauti ndogo: "Ni mimi. Ni mimi nilikosea."

Wazazi wakacheka. Waliocheka zaidi ni wale wenye vile vingine sita. Mama mmoja alicheka huku ameuweka mkoba wake mbele ya kipima cha mwanawe ili kisionekane. Mwalimu hakucheka. Alitaka kusema kitu, lakini Akinyi alikuwa ameshatoka nje.

Jioni ile nilimfuata mlangoni.

"Vilikuwa saba!"

"Nilihesabu."

"Kwa nini wangu?"

Unajua alisema nini? Alisema, "Wewe unaonaje?"

Nilikuwa na karai la maji niliyooshea samaki. Nikayamwaga yote mlangoni pake, na chupa zake mbili zikaelea. Sijutii.

Baada ya hapo Akinyi hakuuliza tena. Si Mwalimu tu, hata mimi. Jumamosi anakaa ndani. Nikimwambia mwezi umemegwa anasema, "Sawa, dani." Mtoto aliyekuwa ananiuliza mpaka natamani kuziba masikio kwa unga, sasa anakubali kila kitu. Ticha wake akasema, mtoto wako ana adabu siku hizi. Ile adabu niliijua. Ndiyo niliyobeba mimi kwenda nayo kuchota maji.

Mwalimu akaondoka Kianda mwaka ule ule. Macho yake yalikuwa yanaharibika, akachukuliwa na binti wa kaka yake, Kawangware. Hakuniaga, nami sikutoka nje. Niliposikia mlango wake umepata mpangaji mwingine nilidhani nitalala vizuri.

Mvua za masika zilipokuja nilijaribu. Siri yangu hiyo. Nilichukua kopo, nikakwaruza mistari kwa msumari, kutoka chini, nikaliweka nje ya mlango. Nilidhani Akinyi ataliona ataniuliza, dani, hii ni nini? Mvua ikanyesha kwa saa moja, kopo likafurika. Nikamwambia, "Ona, imenyesha mpaka juu." Aliangalia kopo, akaangalia mabati yetu yanayochuruzika moja kwa moja ndani yake, akafungua mdomo. Nilimwona akifungua. Kisha akaufunga akaenda kufunga viatu. Asubuhi nilikuta kopo limehamishwa, liko katikati ya uwanja, mbali na mabati, limezungushiwa mawe lisianguke. Basi nikajua bado yumo humo ndani, ila ametia komeo.

Nikaamua kwenda Kawangware kumtukana yule mwanamke. Ndiyo, kumtukana. Nilitaka aseme mbele ya mtoto kwamba alikosea. Tulitembea, tukashika Ngong Road mpaka Dagoretti Corner, tukaingia Naivasha Road, mimi napanga matusi njiani kama mtu anayepanga nyanya, mazuri juu.

Tulimkuta kwa yule binti wa kaka yake, nyuma ya kibanda cha makaa, amekaa kwenye kigoda. Sweta ni ile ile, sasa vifungo vimepishana. Jicho moja lilikuwa jeupe, kama la samaki aliyeiva.

"Nani huyo?"

"Wewe unaonaje?" nikamwambia.

Akavuta pumzi puani. "Mama Omena."

"Nimekuja na swali moja. Ukinirudishia nitakupiga na hiki kiatu, na mtu wa makaa atakuwa shahidi."

"Uliza."

"Vilikuwa saba. Kwa nini wangu?"

"Kwa sababu wale watoto wengine hawakuwa wameona kosa. Yeye alikuwa ameona. Kabla sijafika pale nilimwona anazihesabu zile namba kwa kidole, anarudia. Nilitaka aseme tu, hii kitu imekosewa."

"Mbele ya watu wote?"

"Hapo nilikosea. Niliangalia kipima, sikumwangalia mtoto." Akageuza jicho lake zima upande wangu. "Lakini na wewe ulikuwa umesimama pale, Mama Omena. Na ulikuwa na mdomo."

Matusi yangu yote, kuanzia Dagoretti Corner, sikupata hata moja. Nilitamani kumsukuma kutoka kile kigoda. Nilijua ni kweli, ndiyo maana nilitamani.

"Hilo jicho lina nini?"

Nilidhani ni mtoto wa jirani. Alikuwa Akinyi.

"Akinyi!" nikasema. "Mtu mkubwa haulizwi hivyo." Mkono ulikuwa umeshainuka, nauona mpaka leo ulivyoinuka. Nikaurudisha kwenye leso.

"Lina ukungu," Mwalimu akasema. "Ndani ya jicho kuna kitu kama kioo, changu kimechafuka. Njoo uangalie."

Akinyi akasogea hadi pua ikakaribia pua. "Naweza kumulika?"

"Hili la ukungu hutaona mengi. Mulika hili zima. Kutoka kando, mara moja tu. Unafikiri litafanya nini?"

Akinyi akafikiri. Mimi nikampa simu yangu, nimeshawasha tochi. Sijui nani aliniambia niwashe.

"Litafumba."

"Jaribu."

Akamulika. Akaruka nyuma. "Kale kadude keusi! Kamekuwa kadogo!" Akaondoa taa. "Kamerudi! Kamekuwa kakubwa! Kwa nini?"

Yule mwanamke akafungua mdomo, akanielekezea uso, akaufunga. "Jicho moja halitoshi. Tafuta lingine."

Akinyi akatazama huku na huku. Mtu wa makaa alikuwa anapimia mteja. Nilibaki mimi.

"Dani, kaa chini."

Nikakaa kwenye gunia la makaa, na leso yangu safi. Akanishika kope kwa vidole viwili vyenye jasho, akainua, kama anayefungua ganda la njugu.

"Mwambie aangalie mbali, asiangalie taa," yule mwanamke akasema kutoka kwenye kigoda chake, sauti ile ile ya siku ya bombani.

"Dani, angalia mbali."

Nikaangalia mbali. Sikumwangalia yeye. Ningemwangaliaje, jicho lenyewe limeshikwa.

"Na lako, dani! Na lako linafanya hivyo!" Pumzi yake ilikuwa usoni mwangu. "Mbona linafanya hivyo?"

Aliniuliza mimi. Mwalimu alikuwa pale, jibu analo, na mtoto aliniuliza mimi. Na majibu yalikuwa yamenijaa kinywani, matatu au manne, mazuri, ya kuchekesha.

"Mulika tena," nikamwambia. "Mara hii polepole, uniambie linaanzia wapi."